Miaka Saba ya Kujificha: Mume wa Raia Si Mhalifu

Ndugu zangu vijana wa Kakuma na Kalobeyei, na ninyi wa Nyarugusu, Nakivale na Dzaleka mnaosoma maandiko yetu haya, leo sitaandika juu ya rasheni wala juu ya safari za nchi ya tatu. Leo naandika juu ya ndoa. Najua wengine mtacheka. Chekeni, halafu someni mpaka mwisho, kwa sababu hii mambo itafika kwenu pia, kama haijafika tayari.

Nasema msimamo wangu mapema ili mtu asichoke kuutafuta. Mkimbizi aliyeoa au kuolewa na raia, na ambaye anasubiri karatasi zake, hafai kukamatwa kama mwizi wa ng'ombe. Kusubiri si kosa. Serikali yenyewe ndiyo imemwambia asubiri. Ikishasema "subiri", haiwezi tena kumtuma askari amuulize kwa nini bado yuko hapa.

Tuanze na Katiba ya Kenya ya 2010, kwa sababu watu wengi wanaitaja bila kuifungua. Kifungu cha 15 kinasema mtu ambaye amekuwa kwenye ndoa na raia kwa muda usiopungua miaka saba ana haki ya kusajiliwa kuwa raia, akiomba. Angalia vizuri hapo. Kimesema mtu. Hakikusema mtalii, hakikusema mwekezaji, hakikusema mtu yeyote isipokuwa mkimbizi. Na kimesema ana haki, hakikusema atafikiriwa tukipata nafasi. Kifungu cha 45 kinaita familia msingi wa asili wa jamii, na kinasema Serikali itaitambua na kuilinda. Kifungu cha 14 kinasema mtoto ambaye baba au mama yake ni raia, naye ni raia tangu kuzaliwa.

Hii haikuja hivi hivi. Chini ya katiba ya zamani, mwanamume Mkenya akioa mgeni, huyo mgeni alikuwa na njia ya kusajiliwa. Mwanamke Mkenya akiolewa na mgeni, mume wake hakuwa na njia hiyo. Akina mama wa nchi hii walipiga kelele miaka mingi mpaka maneno yakabadilika, ikawa "mtu". Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba mume mkimbizi wa mwanamke Mturkana au Mluhya anapewa upendeleo, mwambie hapana, huyo mwanamke ndiye mwenye haki, na alinyimwa muda mrefu.

Halafu kuna Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya Kenya ya 2011. Hiyo inaweka mlango wa katikati. Ndoa na raia ikifika miaka mitatu, mwenzi wa kigeni anaweza kuomba ukaazi wa kudumu. Hesabu basi ni rahisi kwa macho: miaka mitatu, ukaazi wa kudumu, miaka saba, uraia. Lakini endelea kusoma sheria hiyo hiyo mpaka kifungu cha 53. Anayepatikana nchini kinyume cha sheria anaweza kutozwa faini hadi shilingi 500,000, au kufungwa hadi miaka mitatu, au vyote viwili. Wekeni hizo namba pamoja. Miaka mitatu ya ndoa inakupa nafasi ya kuomba karatasi. Miaka mitatu hiyo hiyo, askari akiamka vibaya, inaweza kuwa ya jela. Na rekodi ya jela si kitu kizuri kupeleka mbele ya ofisi ambayo itapima tabia yako kabla haijakuita raia.

Mtu wa uhamiaji atasema: lakini mgeni anayesubiri ana njia, achukue pasi ya mtegemezi, mke au mume wake Mkenya amdhamini, yaishe. Sawa. Hiyo njia ni ya mgeni mwenye pasipoti. Mfaransa aliyeoa Nairobi anaingia na pasipoti yake, anajaza fomu, anasubiri nyumbani kwake akinywa chai. Sisi pasipoti tunatoa wapi? Tuende ubalozi wa nchi tuliyoikimbia tukaombe? Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 unasema mtu akijirudisha kwa hiari yake chini ya ulinzi wa nchi ya uraia wake, ukimbizi wake unaweza kufutwa. Kwa hiyo ofisi moja inakuambia "leta pasipoti", na ukiileta, ofisi ya pili inaweza kuuliza "kumbe unaongea na serikali yenu vizuri, unakimbia nini tena?" Huo si utaratibu. Ni mtego wa panya, umewekewa kipande cha mkate kinachoitwa ndoa.

Wengine wanasema tutumie njia ya Afrika Mashariki. Ni kweli, Sheria ya Wakimbizi ya 2021 inamruhusu mkimbizi kutoka nchi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuacha ukimbizi kwa hiari yake ili apate faida za Jumuiya, na Congo iliingia Jumuiya mwaka 2022. Lakini someni tena: kuacha ukimbizi. Yaani uweke chini ngao ambayo inakataza mtu kukurudisha kwenye vita, ili uruhusiwe kulala nyumba moja na mke wako. Kwa kijana ambaye kwao kumetulia, labda inafaa. Kwa mtu wa Masisi au Rutshuru, hiyo ni bei gani?

Sasa tuje kwenye cheti, maana hapo ndipo vijana wengi wanaanguka. Ile miaka mitatu na ile miaka saba haianzi kuhesabiwa na mapenzi. Inahesabiwa na karatasi. Sheria ya Ndoa ya 2014 inataka kila ndoa isajiliwe, iwe ya kanisa, ya msikiti, ya serikali au ya kimila, na usajili wa ndoa za kimila ulianza kutekelezwa mwaka 2017. Lakini ndoa zetu za kambini tunazijua. Mchungaji anaimba chini ya mabati ya Kakuma 3, wazee wanakubaliana mahari, mama mmoja anapika wali, watu wanacheza mpaka saa nne, imekwisha. Mchungaji hana leseni ya kutoa cheti cha serikali, na hakuna aliyemuuliza. Baada ya miaka mitano bwana harusi anakwenda kuuliza habari ya ukaazi, anaambiwa kwenye vitabu vya serikali yeye ni kapera.

Na akisema basi, asajili leo, anaambiwa alete barua kutoka nchi yake kuonyesha kwamba hana mke mwingine. Tunarudi kule kule, kwenye mlango wa ubalozi. Kijana aliyekimbia akiwa na miaka 9 anaulizwa athibitishe kwamba hakuoa huko. Jameni, alioa saa ngapi, akiwa darasa la tatu?

Mimi ni mtu wa kujitolea. Kazi yangu ni kutafsiri na kusaidia watu kujaza fomu, kwa hiyo nasikia mengi ambayo siwezi kuandika. Hii moja nimeruhusiwa na mwenyewe, bila jina. Ni jirani yangu, fundi cherehani, Mkongomani. Mke wake ni Mkenya, anauza mitumba upande wa Kitale. Wana watoto wawili. Yeye kadi yake ya rasheni ni ya hapa, kwa hiyo anaishi hapa, na akitaka kuwaona anaomba kibali cha kusafiri. Kibali kinatoka na siku zake. Safari moja mtoto wa pili alilazwa na homa ya mapafu, siku za kibali zikaisha akiwa wodini. Alipokuwa anarudi, kwenye kizuizi kimoja cha barabarani akateremshwa kwenye basi. Mke alifuata na cheti cha ndoa, na vyeti vya kuzaliwa vya watoto, vyote vya serikali. Afisa wa pale aliangalia cheti, akasema, "Mama, hii inaonyesha umeolewa. Haionyeshi huyu anatakiwa kuwa hapa." Alikaa ndani siku nne. Kilichomtoa si sheria. Kilichomtoa ni kile kitu ambacho hutolewa kwenye mkunjo wa gazeti.

Lile neno la afisa ndilo nataka tulijibu, kwa sababu alilisema bila hasira, kama mtu anayesoma ratiba ya basi. "Haionyeshi huyu anatakiwa kuwa hapa." Kama cheti cha ndoa na vyeti vya watoto wawili wa Kenya havionyeshi mahali baba anatakiwa kuwa, vinaonyesha nini?

Na hapa ndipo ugomvi wangu mkubwa ulipo. Sheria ya 2011, inapompima mtu anayeomba uraia kwa ndoa, inataka wenye ndoa wawe wanaishi pamoja, na inataka ndoa isiwe imefungwa kwa ajili ya kupata karatasi. Mimi nakubali. Hiyo ni sawa kabisa. Lakini utaratibu wa kambi unamtaka mume huyo huyo alale Kakuma, na mke wake raia yuko Kitale na biashara yake. Kwa hiyo ofisi moja inataka ushahidi kwamba mnaishi pamoja, na askari wa njiani anamkamata kwa sababu ya kuishi pamoja. Akitii kambi, ndoa yake inaonekana ya uongo. Akitii ndoa, yeye anaonekana mhalifu. Niambieni, mheshimiwa gani aliketi akapanga hivi, na alitaka mtu afanye nini? Maana kwa hali hii mtu anabaki na njia moja tu, ya kujificha. Na wakishamfanya ajifiche, wanamuuliza kwa nini anajificha.

Kwa dada zetu ni mbaya zaidi, na hatulisemi. Binti mkimbizi akiolewa na raia, watu wanampongeza, eti ametoka kambini. Ametoka, ndiyo. Lakini karatasi zake zote zinapita kwenye mkono wa mume. Mume ndiye mdhamini, mume ndiye anayeandika barua, mume ndiye anayesimama mbele ya afisa kusema "huyu ni wangu". Siku mume akibadilika, kamba iko mkononi mwake. Nimesikia maneno haya yakitafsiriwa na ulimi wangu mwenyewe: "Ananiambia nikienda kwa chifu kumshtaki kwa kunipiga, atasema hanijui, na mimi nitarudishwa." Huyo mwanamke hakuwa anaogopa ngumi peke yake. Alikuwa anahesabu. Mwaka wa tano. Imebaki miwili. Akivumilia miwili, atakuwa mtu. Sheria iliyotungwa kulinda familia, kwa sababu ya hii kusubiri bila ulinzi, imekuwa fimbo ya mume mbaya. Na msiniambie ni ndoa chache. Hata ingekuwa moja.

Watu wa usalama wana jibu lao, na mimi sitalikwepa. Watasema nchi imeumia. Westgate mwaka 2013, Chuo Kikuu cha Garissa mwezi wa 4, 2015, watu 148 waliuawa. Hakuna kijana mwenye akili hapa ambaye anadharau vifo hivyo. Sisi wenyewe tumekimbia watu wa aina hiyo. Lakini angalieni kilichofanywa kwa jina la usalama. Mwezi wa 4, 2014, kwenye operesheni ya Usalama Watch, watu wapatao 4,000 walikamatwa, wengi kutoka Eastleigh, wakashikiliwa mpaka kwenye uwanja wa Kasarani. Familia zilitenganishwa. Ukimkamata kila mtu mwenye uso wa kigeni, umepata magaidi wangapi na umepata baba za watu wangapi? Mume wa raia ndiye mgeni rahisi kuliko wote kumfuatilia. Ana mke anayejulikana, ana shemeji, ana mtoto kwenye shule fulani, ana mwenye nyumba. Usalama ungetaka watu kama hawa waandikishwe na wakae wazi. Kuwafukuza vichochoroni ni kinyume cha usalama.

Tena kumbukeni mwezi wa 3, 2021, waziri Fred Matiang'i alipoipa UNHCR siku 14 ilete mpango wa kufunga Dadaab na Kakuma. Baadaye tarehe ikawa Juni 30, 2022, na tarehe ilipita tukiwa bado hapa. Wakati ule kila mtu aliuliza Wasomali watakwenda wapi, Wasudan Kusini watakwenda wapi. Mimi sikumbuki ofisi hata moja iliyouliza: na yule baba wa watoto Wakenya, atapandishwa kwenye basi la upande gani? Watoto wabaki na yeye aende? Ama raia wa Kenya wa miaka mitano apelekwe Bujumbura kumfuata baba?

Kuna hili la "ndoa za karatasi". Zipo. Tusidanganyane, tunawajua watu waliolipana pesa. Lakini dawa yake iko kwenye sheria tayari: afisa achunguze, aite majirani, aulize maswali, akigundua uongo akatae ombi na amshtaki aliyedanganya. Hiyo ni kazi halali. Kumteremsha mtu kwenye basi si uchunguzi. Askari wa barabarani hajui kama ndoa ni ya kweli, hana hata njia ya kujua, na mara nyingi hataki kujua. Anachotaka kujua ni una kiasi gani mfukoni. Na mwenye ndoa ya uongo ndiye amejiandaa na hiyo pesa. Mwenye ndoa ya kweli amenunulia dawa ya mtoto.

Wenzetu wa nchi nyingine msifikiri mko salama. Ninyi wa Nyarugusu, Sheria ya Uraia ya Tanzania ya 1995 inafungua mlango wa ndoa kwa mwanamke aliyeolewa na raia. Mwanamume aliyeoa raia hana mlango huo, anaambiwa apite njia ndefu ya kila mgeni. Kenya iliacha ubaguzi huo mwaka 2010, Tanzania bado iko nao. Na hiyo ni Tanzania ile ile ambayo mwaka 2014 iliwapa uraia Warundi zaidi ya 162,000 wa mwaka 1972. Kwa hiyo moyo upo, uwezo upo. Kilichobaki ni kukubali kwamba dada wa Kigoma ana haki ya kumleta mume wake sawa na kaka yake anavyomleta mke.

Na ninyi mnaosema "afadhali nioe mtu wa Marekani", sikilizeni. Mwezi wa 6, 2024, Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kesi ya Sandra Muñoz, raia wa kule, ambaye mume wake wa El Salvador alinyimwa viza. Majaji 6 kwa 3 waliamua dhidi yake, na mahakama ikasema kuwa raia hakumpi mtu haki ya kikatiba ya kuingiziwa mwenzi wake nchini. Na mwezi wa 11, 2025, huko San Diego, waume na wake wa raia walikamatwa walipokwenda wenyewe kwenye usaili wa grini kadi. Walikwenda kwa miguu yao, na barua ya mwaliko mkononi. Kuwa na ombi lililopokelewa hakukuwakinga. Tena mjue hili, kwa sababu limevunja watu wengi hapa: mkimbizi akishafika Marekani, anaweza kumwombea mwenzi kwa njia ya mkimbizi kama walikuwa wameoana kabla ya yeye kuingia kule. Ukioana naye kwenye simu baada ya yeye kufika, au akirudi mapumziko mkafunga harusi, hiyo ni njia nyingine na foleni nyingine. Kwa hiyo ugonjwa huu si wa Kenya peke yake. Serikali nyingi zimejifunza kuchukua ombi lako kwa mkono mmoja na kukushika shati kwa mkono wa pili.

Sasa ninyi ndugu zetu wa mashirika. Nawaheshimu, nafanya kazi na ninyi, posho yangu ya kujitolea inatoka kwenu. Lakini lazima niseme. Mkimbizi aliyeoana na raia akija kwenye dawati, anakuwa kama mtoto wa mama wa kambo. Ofisi ya ulinzi inamwambia mambo ya ndoa ni ya uhamiaji. Ofisi ya nchi ya tatu inamwambia kesi yake ni ngumu, mke wake si mkimbizi. Ofisi ya msaada wa kisheria inamwambia bajeti yao ni ya waliokamatwa, arudi akikamatwa. Arudi akikamatwa! Hivyo ndivyo mtu anavyoambiwa apande mti ndipo mtamfundisha kushuka. Na wakati wa chakula, mke Mkenya hahesabiwi kwenye familia, kwa hiyo wanakula wanne kwa kadi ya mmoja ama wawili. Wengine kwa njaa wanajaribu kumwandikisha mke kama mkimbizi, halafu alama zake za vidole zinaingia kwenye mfumo, na siku anaomba kitambulisho cha Kenya anaambiwa yeye si raia. Waulizeni ndugu zetu wa Garissa jambo hilo limewagharimu miaka mingapi.

Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Afisa ambaye pasipoti yake iko kwenye mkoba, akiambiwa "subiri miaka saba", anasikia namba. Sisi tunasikia vizuizi vyote vya barabarani kutoka Lodwar mpaka Kitale, mara kila mtihani wa mtoto, mara kila mazishi ya mkwe, kwa miaka saba.

Mwezi wa 3, 2025 Serikali ilizindua Mpango wa Shirika, na kila mkutano tunaoitwa tunaambiwa juu ya kuunganisha wakimbizi na wenyeji. Tunagawiwa fulana. Tunacheza mpira wa amani. Vizuri. Lakini kuna watu walioungana na wenyeji kabla ya mpango wowote, bila fulana na bila posho ya kikao. Wamezaa pamoja, wamezikana, wamelipa mahari ya mbuzi na ngamia kwa Waturkana. Kama mpango hauwezi kumlinda huyo, mwenye mkwe mwenyeji, utamuunganisha nani?

Kwa hiyo tunataka nini? Nayaandika wazi ili mtu asiseme vijana wanalalamika tu.

Kwanza, risiti ya ombi iwe ngao. Mtu akishapeleka ombi lililokamilika, la pasi, la ukaazi au la uraia kwa ndoa, apewe karatasi yenye picha inayosema huyu anasubiri, asikamatwe na asirudishwe kwao mpaka ajibiwe. Akinyimwa, apewe sababu kwa maandishi na nafasi ya kukata rufaa.

Pili, msajili wa ndoa aje kambini, kwa ratiba inayojulikana, na akubali hati ya kiapo na maneno ya mashahidi mahali pa barua ya ubalozi. Ndoa iliyofungwa zamani mbele ya wazee ihesabiwe tangu siku ile, ikiwa na ushahidi.

Tatu, kibali cha kusafiri cha familia. Mtu mwenye cheti cha ndoa na mtoto raia apewe kibali cha mwaka, kisiwe cha siku za kuhesabu kama dozi ya malaria.

Nne, pasipoti ya nchi aliyoikimbia isidaiwe kwa mkimbizi. Kitambulisho chake cha mkimbizi na hati ya kusafiria ya wakimbizi vitoshe.

Tano, mwanamke anayepigwa aweze kuendelea na ombi lake bila sahihi ya anayempiga.

Hakuna hata moja hapo inayovunja Katiba ya Kenya. Nyingi hazihitaji hata Bunge, zinahitaji mkurugenzi mmoja kutia sahihi kwenye waraka, na waraka huo kusomwa kwenye vituo vya polisi vya njiani.

Na sisi wenyewe tuna kazi. Acheni kuwaita wenzenu "wanunuzi wa kitambulisho". Mnapomcheka mume wa Mkenya kwenye kijiwe, mnamfundisha askari maneno ya kutumia. Wachungaji na maimamu, msifungishe ndoa ya mkimbizi na raia bila kuwaambia ukweli juu ya cheti. Na wewe uliye kwenye ndoa kama hii, anza leo kuweka kila kitu: cheti, picha za harusi, kadi za kliniki za mtoto, risiti za kodi ya nyumba, tikiti za basi, vibali vya zamani hata vilivyokwisha. Tengeneza nakala, acha moja kwa mke au mume, na moja kwa mtu unayemwamini nje ya nyumba. Kila tikiti ya Kakuma kwenda Kitale ni ushahidi kwamba ndoa yako inatembea.

Kama wewe ni mmoja wao, ama unamjua mmoja, tuletee kesi yako kwa maandishi. Usiandike jina, usiandike bloku. Andika mwaka wa ndoa, karatasi uliyoomba, umesubiri muda gani, na umekamatwa mara ngapi. Tutazipanga na kuzipeleka kwenye kikao kijacho cha viongozi wa kambi na mashirika, na safari hii tutaomba kujibiwa kwa barua, yenye tarehe na muhuri, kama wao wanavyotuomba sisi.